Kikao cha Nne Kuhusu Bloa

Kwa miaka ishirini na saba Rosaire Bourdeau alilipwa mshahara na serikali ili awaambie wakulima wanaosema Kifaransa majina ya vitu walivyokuwa wamevishika mikononi.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mtu mmoja huko magharibi, kwenye nyanda za ngano, aliandika kijitabu kwa Kiingereza: jinsi ya kumtibu ng'ombe mwenye uvimbe wa kiwele, jinsi ya kuhifadhi viazi, jinsi ya kupaka zizi chokaa. Kijitabu kikafika mji mkuu, Ottawa, ghorofa ya nne ya jengo la matofali mekundu, meza ya tatu kutoka dirishani. Hapo Rosaire akakigeuza kuwa Kifaransa, kikachapishwa kwenye karatasi nzuri nyeupe, kikatumwa vijijini, na wakulima wakakiwashia jiko. Kwamba kijitabu cha Kifaransa kingeweza kuandikwa kwa Kifaransa tangu mwanzo, wazo hilo halikumjia mtu. Lingehitaji fomu, na fomu yenyewe ilikuwa bado inasubiri tafsiri.

Lakini tusimcheke upesi. Rosaire hakuzaliwa mtu wa ofisini. Alizaliwa Sainte-Apolline, mwendo wa saa moja mashariki ya Ottawa, katika nyumba ambayo dirisha lake la jikoni linatazama zizi, ili mama mwenye nyumba aweze kuosha vyombo huku akihesabu ng'ombe. Walikuwa wavulana wawili. Wa kwanza, Ovila, alipewa shamba. Wa pili, kwa kuwa alikariri katekisimu bila kukosea hata nukta, alipewa Mungu: alipofika miaka kumi na miwili akafungiwa sanduku na kupelekwa chuo cha mapadri. Alisoma Kilatini miaka minane, kisha yeye na Mungu wakakubaliana bila ugomvi kwamba kila mmoja ashike njia yake. Serikali ilikuwa inatafuta mtu anayejua Kifaransa, Kiingereza na ng'ombe. Akaajiriwa siku hiyo hiyo.

Hakuoa. Alioa kadi. Kila neno la shambani lilikuwa na kadi yake, elfu kumi na moja na ushei, kwa mwandiko wake mdogo wa kipadri: mbele Kiingereza, nyuma Kifaransa safi. Alipoanza kazi alichora na mstari wa tatu chini kabisa ya kila kadi, wa neno wanalotumia wakulima wenyewe. Mwaka wa kwanza aliujaza. Mwaka wa pili mkubwa wake alimwuliza mstari ule ni wa kazi gani, na kwa sauti ile ya kuuliza Rosaire akaelewa. Tangu siku hiyo mstari ulibaki mtupu, ingawa hakuacha kuuchora.

Wakulima wa Sainte-Apolline, kwa upande wao, hawakungoja kadi ya mtu. Mashine zililetwa na wachuuzi wa Kiingereza kwa majina ya Kiingereza. Wakazichukua mashine na majina yake, wakayapinda majina kidogo yaingie mdomoni, wakaendelea na kazi. Ile inayorusha mahindi yaliyokatwakatwa kwa bomba refu hadi juu ya mnara wa silo, ghala la lishe ya ng'ombe, waliiita bloa, kutoka Kiingereza blower. Baba yake Rosaire aliiita bloa. Padri alipokuja kubariki mavuno aliibariki kwa jina hilo hilo, na ilifanya kazi.

Sasa nieleze ile kamati, maana bila kamati Rosaire angekuwa mtu wa kawaida.

Kamati ya Istilahi za Kilimo ilikaa kila Jumatano saa tatu asubuhi. Mwenyekiti alikuwa Bwana Aurélien Prud'homme, aliyesoma Paris miaka miwili na hakupona. Hakuwahi kuvaa mabuti ya mpira maishani. Aliamini kwamba kila neno la Kiingereza katika kinywa cha mkulima ni kama chawa katika nywele za mtoto wa shule: aibu ya nyumba nzima. Chini yake walikaa wajumbe sita, Rosaire akiwa mmojawapo, na wote saba walinyonya Kifaransa pamoja na maziwa ya mama. Wa nane alikuwa Bwana Weatherby, mtu wa bajeti, Mwingereza kutoka Saskatchewan, kwenye zile nyanda za ngano.

Kwa ajili ya Bwana Weatherby kikao kizima kiliendeshwa kwa Kiingereza. Ndiyo adabu ya Ottawa: wawe wasema Kifaransa tisini chumbani, akiingia Mwingereza mmoja wote wanamhamia, kama watu wanaosogea kwenye benchi ili mgeni apate pa kukaa. Basi watu saba walikutana kila wiki kuunda Kifaransa kisicho na doa la Kiingereza, na hakuna aliyetamka sentensi moja ya Kifaransa tangu mlango unafungwa hadi unafunguliwa. Uchekeshaji wa jambo hili haukumchekesha mtu.

Wa kuhurumiwa zaidi alikuwa Weatherby mwenyewe. Serikali ilimpeleka shule ya Kifaransa miezi kumi na moja. Alirudi na daftari tatu na hamu kubwa, akasema kwa Kifaransa, "Habari za asubuhi, mabibi na mabwana, natumaini mmelala vizuri." Wakamjibu kwa Kiingereza, kwa huruma tu, ili asichoke. Alijaribu wiki sita, akakata tamaa. Siku hizi alikaa kimya kwenye kona ya meza akichora mazizi na minara ya silo pembezoni mwa karatasi zake za bajeti.

Katika kamati hiyo ndipo kijitabu cha hewa ya silo kilipokwama.

Miaka miwili nyuma, parokia ya jirani, Donat Séguin alijaza silo, na kesho yake akapanda kuyasawazisha mahindi kwa uma, kama baba yake na babu yake. Hakushuka. Shemeji yake akapanda kumtafuta, naye hakushuka. Misa ilikuwa moja kwa majeneza mawili. Mahindi mabichi yakishafungiwa hutoa hewa ya manjano, nzito, inayonuka kama dawa ya kufulia nguo, na mtu akiivuta huanguka bila habari. Wiki tatu za kwanza hapandi mtu. Kama hapana budi, bloa iwashwe kwanza, ipulize hewa safi nusu saa nzima. Hayo tu. Kurasa nne za Kiingereza, zilizochapishwa baada ya miezi miwili. Rosaire alimaliza Kifaransa chake siku tisa baada ya kuzipokea. Kisha kikaingia kamatini, na kamatini kikakutana na bloa.

Kikao cha kwanza kuhusu bloa kiliamua kwamba neno hilo haliwezekani. Kikao cha pili, miezi kadhaa baadaye, kiliamua kumwandikia mtaalamu mmoja wa Paris. Mtaalamu akajibu kwa upole kwamba kwao huko wakulima husema bloa. Bwana Prud'homme aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akasema Paris siku hizi si Paris. Kikao cha tatu kililetewa neno jipya, refu, lenye heshima zake: kipandishi-hewa cha lishe-vundike. Wajumbe walilipokea kama wanaomwona bibi harusi. Mmoja tu aliuliza kama mashine inapandisha hewa au inapandisha lishe kwa hewa, na kwa kuwa katika wale saba hakuna aliyewahi kuiona mashine yenyewe isipokuwa mmoja, suala likaahirishwa hadi kikao cha nne, baada ya likizo za kiangazi.

Yule mmoja aliyewahi kuiona alikuwa Rosaire. Naye hakufungua mdomo, kwa sababu neno lilikuwa lake. Alilitunga yeye, usiku na mchana kwa majuma, na alilipenda. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na alitaka kuacha nyuma walau jina moja la mashine.

Kila Jumapili Rosaire alikwenda Sainte-Apolline kula chakula cha mchana kwa kaka yake. Jumapili ya pili ya Septemba alimkuta Ovila amekaa mezani tayari, mikono ya shati imekunjwa, na Florida, mke wa Ovila, anakata nyama ya nguruwe.

"Karibu, Monsinyori," Ovila alisema. Tangu chuo cha mapadri hakuwahi kumwita ila kwa cheo hicho cha padri mkubwa. "Wiki hii mmebatiza nini huko?"

"Uma wa kutolea samadi."

"Una jina huo. Unaitwa uma."

"Mwache ale, Ovila," Florida alisema. "Mtu ametoka mbali."

"Simzuii kula. Nauliza tu. Maana kuku wangu wamemaliza kutagia kile kijitabu cha viazi, wanataka kingine."

Rosaire alizoea. Alikula viazi vyake, akapaka mkate siagi, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Silo mnajaza lini?"

"Kesho na keshokutwa, mvua ikiniheshimu."

"Na kusawazisha?"

"Jumatano. Lini tena?"

Rosaire akaweka uma chini. "Kaka, usipande Jumatano. Nakuomba. Mkumbuke Donat."

"Donat alikuwa na moyo mbovu."

"Na shemeji yake je? Mioyo miwili mibovu ndani ya silo moja? Ni hewa, Ovila. Hewa ya sumu. Nimeisoma yote, ninayo ofisini. Wiki tatu asipande mtu. Na kama huna budi, basi kabla ya kupanda uendeshe kipandishi-hewa cha lishe-vundike kwa muda usiopungua nusu saa."

Mbwa chini ya meza aliacha kujikuna.

"Niendeshe nini?" Ovila aliuliza.

"Kipandishi-hewa cha lishe-vundike."

"Florida, umesikia? Hilo ni jina la mashine au la askofu?"

Florida alificha uso kwenye aproni, mabega yakimtikisika. Ovila naye alicheka mpaka akakohoa, akajifuta macho kwa kiganja, na alipotulia uso wake ulikuwa wa mtu anayefikiri. Alijua silo kuliko alivyokubali. "Ngoja," alisema. "Unamaanisha bloa. Niwashe bloa nusu saa kwanza, ndipo nipande. Si ndivyo?"

Hapo ndipo pa kumvuta Rosaire masikio. Kaka yake alikuwa ameelewa. Sikio gumu kuliko yote Sainte-Apolline lilikuwa limefunguka, na kilichobaki ni neno moja tu, ndiyo.

"Si bloa," Rosaire alisema. "Bloa ni Kiingereza."

Ovila alisukuma sahani yake mbele. "Bloa ni Kiingereza," alirudia polepole. "Bloa hii nimeinunua kwa maziwa ya ng'ombe wangu. Nimeifungua na kuifunga kwa mikono hii. Ukucha unaokosekana hapa uliliwa nayo yenyewe. Na wewe uliyeondoka hapa na kaptula unakuja kuniambia si yangu?"

"Sikusema si yako. Nasema jina lake si sahihi."

"Mama alikuwa akiiitaje?"

Rosaire alipaka siagi mkate uliokwisha kupakwa.

"Nakuuliza, Monsinyori. Mama alisimama dirishani pale, pale nyuma yako, akaita, 'Ovila, zima bloa, chakula tayari!' Mama alikuwa hajui kusema? Tamka hapa, mezani pake."

"Sijasema hivyo hata siku moja."

"Umelisema miaka ishirini na saba, kwenye karatasi nyeupe. Nikitaka kujua habari za silo nitachukua kile cha Kiingereza kwa muuza mbegu. Angalau kile kinasema bloa."

Rosaire aliondoka kabla ya pai ya tufaha. Alikuwa amefika nusu ya njia alipotambua kwamba hakupata jibu la jambo lililompeleka. Jumatatu aliinua simu, akairudisha. Jumanne aliinua tena, akairudisha. Alingoja kaka yake aanze kuomba radhi. Waliomjua Ovila Bourdeau wanaweza kusema kungoja huko ni kama kungoja nini.

Jumatano saa tatu kikao cha nne kilifunguliwa. Nje jua lilikuwa zuri. Bwana Prud'homme alisoma ajenda kwa Kiingereza chake safi, akaeleza kwamba leo, baada ya subira ndefu, kamati italipatia taifa neno. Mjumbe yule wa swali alirudi na swali lake: inapandisha hewa au lishe? Mwingine akapendekeza "kirushio." Mwingine akauliza kama "vundike" haliwezi kuwakwaza walaji wa jibini. Rosaire alikaa na kadi yake mbele, imeandikwa tayari, akiitazama saa.

Simu ya ukutani ikalia. Karani wa chini alisema kuna mama anamtaka Bwana Bourdeau, hataki kungoja.

"Shemeji, nisamehe kukupigia kazini," ilikuwa sauti ya Florida, inahema.

"Ovila yuko wapi?"

"Anavaa mabuti aende silo. Rosaire, sikiliza. Kuna ndege wamekufa chini ya ngazi ya silo. Wale weusi, sita au saba, wamelala tu. Na kuna harufu kama ya ndoo ya kufulia. Nimemwambia, ananiambia nisiwe kama wewe. Ulisema nini Jumapili, kabla hamjagombana? Niwashe kitu gani?"

Mdomo wa Rosaire ulifunguka, na kilichotoka ni hiki: "Uendeshe kipandishi-hewa cha—"

"Rosaire!" Florida alipiga kelele. "Sema kama mtu!"

Kisha sauti ikatoka ambayo hakuna mtu wa ghorofa ya nne aliyewahi kuisikia, sauti ya uani, ya mtu anayeita ng'ombe upande wa pili wa mto. "Bloa! Washa bloa, Florida! Washa trekta, bloa ipige mpaka mwisho! Asipande! Akishapanda mvute kwa suruali, mvute kwa buti, usimfuate ndani, unanisikia? Usimfuate! Washa bloa!"

Simu ilianguka huko jikoni ikagonga ukuta. Rosaire alibaki ameshika yake sikioni.

Watu sita wa kamati walimtazama. Walikuwa wamejadili mashine hiyo vikao vinne, wakajua ukoo wake na Kilatini chake, na hakuna hata mmoja aliyejua kwa nini mtu aipigie kelele. Waliona tu mwenzao amefanya vituko, tena kwa Kifaransa. Mtu mmoja chumbani alikuwa amegeuka mweupe kama chokaa. Bwana Weatherby, mtu wa bajeti, alikuwa amesimama, kalamu imemwanguka. Katika kelele zote zile neno moja lilikuwa la kwao nyumbani, na alikuwa amezaliwa chini ya silo.

Alizunguka meza akaja kusimama ubavuni mwa Rosaire. "Nusu saa," alisema kwa Kifaransa, cha kukokota, kila silabi peke yake. "Asizime kabla nusu saa."

Hakuna aliyemjibu kwa Kiingereza.

"Mjomba wangu," Weatherby aliendelea, akitafuta maneno. "Silo. Mimi nilikuwa miaka tisa." Akaweka mkono begani kwa Rosaire, akauacha hapo.

Simu ilileta sauti za jiko tupu. Saa ya ukutani ya mama. Mbwa akibweka mbali. Rosaire alijua hatua ngapi kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye trekta, maana alizikimbia utotoni, na alizihesabu zote, kisha akazihesabu tena, na bado hapakuwa na kitu. Alisali. Alisali kwa maneno ya mama yake, yenye makosa yote.

"Je," Bwana Prud'homme alisema baada ya kukohoa kidogo, "tuendelee na ajenda?"

"Nyamaza," Weatherby alimwambia, kwa Kifaransa safi kabisa.

Ndipo injini ikaunguruma kwa mbali. Ikakwama. Ikaunguruma tena, ikashika, na juu yake ukapanda mlio mwingine, mwembamba, unaokua mpaka simu ikatetemeka sikioni: bloa. Dakika zikapita. Kisha, kupitia dirisha la jikoni lililo wazi, Rosaire alisikia sauti ya kiume ikitaja vitu vitakatifu vya altare, kimoja baada ya kingine, kikombe, ekaristi, tabenakulo, bila kuruka, kama wafanyavyo wanaume wa huko wakikasirika kweli. Rosaire aliegemea ukuta akalia kama mtoto. Mtu anayetukana hivyo ana mapafu yake yote mawili.

Florida alirudi kwenye simu. "Alikuwa ngazi ya tano," alisema. "Nimebaki na buti lake moja mkononi. Shemeji, ungeona kilichotoka mle juu. Manjano, manjano tupu. Amekaa kwenye nyasi na soksi moja, anaitazama hewa ile."

Kumbukumbu za kikao cha nne zipo, na zinasema kwamba mjumbe mmoja alitumia kwa sauti kubwa istilahi isiyoidhinishwa. Zinasema pia kwamba neno kipandishi-hewa cha lishe-vundike lilipitishwa kwa kura tano dhidi ya moja, na kwamba kura ya kupinga ilikuwa ya mtungaji wake. Barua ya onyo iliingizwa kwenye faili la Rosaire. Kijitabu kilitoka mwezi Machi, theluji ikiwa mpaka dirishani na silo zote zikiwa nusu tupu. Kutoka kurasa nne kilikuwa kimefika tisa.

Lakini hiyo ni habari ya Machi. Jumapili iliyofuata ile Jumatano, Rosaire aliingia jikoni kwa kaka yake kwa hofu, hajui aanze na lipi. Ovila hakumwita Monsinyori. Hakumshukuru pia, msitarajie miujiza. Walikula supu ya dengu, nyama, wakafika kwenye pai, na sahani zilipoondolewa Ovila aling'oa ukurasa wa kalenda ya muuza mbegu, akaugeuza upande mweupe, akausukuma mezani pamoja na penseli ya seremala.

"Andika ile ya Jumatano," alisema. "Nitaipigilia chini ya ngazi. Na uandike ya pili, kina Lavigne wanaitaka. Na ya tatu kwa mjane wa Donat, anao wanawe."

Rosaire alishika penseli. Alidhani ni kazi ya dakika tano. Mtu huyu alikuwa amegeuza Kifaransa vijitabu mia tatu na kumi, na alikaa pale tangu sahani zinaoshwa hadi saa ya kukamua, anaandika, anafuta. Kila sentensi ilimjia imevaa tai. Akamwita Florida. Shemeji, pale chini ndege walipoangukia mnapaitaje? Na ile harufu, mtu angeisemaje? Na mkisema mtu amezidiwa na hewa, mnasemaje? Florida alijibu huku anakausha sahani, bila kugeuka, na kila alilosema lilikuwa neno alilokuwa nalo Rosaire tangu hajaota meno, aliloliacha kwenye mstari ule wa tatu. Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa. Hawasemi akirudi anapokewa na nani. Rosaire alipokewa na mwanamke mwenye kitambaa cha vyombo.

Ikawa mistari minane. Kwamba usipande. Kwamba ukiona ndege wamelala, hawakulala. Kwamba uwashe bloa nusu saa kwa saa, si kwa kukisia. Kwamba mwenzako akianguka ndani usimfuate, washa bloa, piga kelele.

Ovila alivaa miwani, akasimama na ukurasa mlangoni penye mwanga. Alisoma polepole, midomo ikicheza, mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa karatasi yoyote iliyotoka mkononi mwa mdogo wake. Akarudi mstari wa kwanza, akasoma tena.

"Hii nzuri," alisema. "Nani kakutafsiria?"

"Shemeji," Rosaire alijibu.

Ovila akatikisa kichwa kukubali, akachukua nyundo na misumari minne juu ya kabati, akaenda kwenye ngazi ya silo.